Mgolole Uliofuliwa

Nilimpigia mama simu nikamwambia, "Jumamosi nakuja kuchukua mgolole wa bibi. Watu watautazama." Kwa mama yangu, neno hilo la mwisho ni amri ya kufua. Ningesema nakuja kuufanya dekio, ningeukuta kama ulivyokuwa.

Mimi hufundisha historia Biharamulo. Shuleni tumepewa chumba kimoja, tukaanza kukusanya nguo za zamani humo, maana mwanafunzi ukimwambia tu kwamba watu walilima na kusali, keshokutwa ameshasahau. Mwonyeshe kanzu ya mzee wa mjini iliyochakaa magotini, atauliza maswali mpaka kengele igonge. Nilitaka na kwetu Ngara kuwemo, na nguo niliyoitaka kuliko zote ilikuwa mgolole wa bibi mzaa baba: shuka nyeupe ya amerikani, aliyoifunga fundo begani akaenda nayo shambani miaka yote niliyomfahamu. Nyeupe ni namna ya kusema. Ukingo wa chini ulikuwa mwekundu kwa udongo, na nguo nzima ilinuka moshi wa jikoni. Nilitaka udongo ule. Nilitaka na moshi ukiwezekana.

Nilishuka stendi ya Ngara, nikachukua bodaboda hadi Kanazi. Kabla sijamaliza shikamoo, mama alikwenda chumbani akarudi na kitu kimekunjwa pembe nne. Alikuwa ameuloweka mgolole, akausugua kwa sabuni ya mche na ndimu, akautia wanga wa muhogo, akaupiga pasi ya mkaa. Ulikuwa mgumu kama kitambaa cha altare.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimefua."

Nilipandisha sauti, nami nina sauti ya darasani. Nilimwambia kwamba amefuta kazi yote ya bibi, kwamba mtu atautazama sasa adhani mwenye nguo alikuwa anakaa kivulini anakunywa chai. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaufungua mgolole mezani, akanionyesha doa la kahawia karibu na pale fundo lilipokaa. Ni utomvu wa mgomba, na utomvu huo ukishaingia kwenye nguo hautoki. Bibi alikuwa akibeba mikungu begani.

"Hili limenishinda," alisema. "Nimelisugua tangu bibi yako yuko hai. Unaweza kuutundika hili likawa nyuma?"

Nilifurahi mno kuliona doa lile, hata nikacheka. Mama hakucheka. Aliketi, akavuta khanga yake mabegani.

"Wewe umesoma, unaona doa unaona kazi. Watu wa huku wakiona nguo ya mama mkwe ni chafu, wanauliza jambo moja tu. Wanauliza mkwe wake ni nani. Ni mimi. Niliingia nyumba hii nikiwa msichana, na nguo zake nilizifua mimi mpaka siku tuliyomzika. Utanitundika mbele ya watoto wa watu, waseme sikumtunza?"

Miaka yote nilikuwa nikimtazama aliyevaa, na aliyekuwa mtoni na beseni sikumfikiria hata mara moja, naye ndiye aliyenizaa. Niliona aibu. Tulikula, na jioni nikaondoka na mgolole, nikiwa nimemwahidi kwamba doa litakaa nyuma.

Ahadi hiyo sikuitimiza. Mwezi uliofuata mama alikuja hospitali ya Biharamulo kupimwa macho, nikampeleka chumbani kwetu shuleni. Aliliona doa papo hapo, limekaa mbele, akanitupia jicho ambalo halikuhitaji kupimwa na daktari.

"Nisomee hicho kikaratasi," alisema.

Nikasoma: "Mgolole wa mwanamke mkulima wa Kanazi. Doa la begani ni utomvu wa mgomba, alibeba ndizi. Weupe huu wote ni kazi ya mkwe wake, aliyemfulia maisha yake yote, na akamfulia tena alipokwisha kufa."

"Rudia hapo mwisho."

Nikarudia. Mama akasogea, akaona wanga umelegea na ukingo wa chini umejikunja. Akauvuta chini kwa vidole, akaulainisha kwa kiganja, taratibu, kama bibi bado yumo ndani na wamechelewa kanisani.