Mji Uliobaki Watawa Walipoondoka

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Temple Hills, nikaambiwa kwamba mwalimu wetu wa historia amefariki dunia. Tangu hapo sijatulia. Naanza kuandika, nainuka, nachungulia barabarani, narudi. Alikuwa Mtanzania wa Songea, aliyesomeshwa na watawa wa Kijerumani, na huku ughaibuni alifundisha katika chuo kidogo. Kwa miaka mingi alichunguza historia ya mji walikotoka watawa wale, akinisimulia huku anazunguka sebuleni: jinsi katika Zama za Kati watawa walivyojenga abasia, makao yao ya sala, msituni, wakulima wakahamia kandokando kutafuta ulinzi, soko likaanza, ukuta ukajengwa, kisha wenyeji wakagombana na abate, mkuu wa watawa, wakitaka mahakama yao wenyewe. Karne nyingi baadaye watawala wakaifunga abasia, watawa wakatawanyika. Aliwahi kusafiri kwenda kuuona mji huo, akarudi amefadhaika. Alikwenda kuomboleza, akakuta watu wananunua mkate na kengele wanapiga wenyewe.

Sikuelewa kilichomfadhaisha mpaka parokia iliyotupa nafasi ya misa ya Kiswahili ilipotangaza kwamba jengo linauzwa. Siku hiyo tuligombana. Wakenya wengi walitaka twende kanisa la Landover. Wengine wakasema kila mtu atafute kanisa la karibu na kwake, mambo yaishe. Mwalimu alisimama akaanza habari za abasia, nesi mmoja Mkenya akamkatiza kwa upole: "Mwalimu, hayo ni ya Wajerumani. Sisi Sunday tuta-pray wapi?"

"Kwangu," akasema. "Mke wangu bado hajui."

Mkewe alijua jioni ile, wala hakufurahi. Hata hivyo tangu wakati huo tumesali sebuleni kwao kila Jumapili, watoto wetu wakijibu kwa Kiingereza, Mwalimu mwenyewe akishindwa kukaa chini.

Leo Ijumaa tumemzika. Mjane anahamia kwa binti yake, na nyumba itauzwa. Tulibaki tumesimama makaburini, kila mmoja akiogopa kuuliza. Ndipo mama mmoja Mkongo anayeishi Alexandria akasema, "Dimanche, Jumapili hii, mtakuja kwangu. Ni ghorofa ya nne, na lifti imekufa." Watu wakaanza kuulizana nani atapanda gari la nani.

Sisi tuliohamia huku hudhani kwamba tukishapata mahali petu ndipo tutakuwa jamii. Mwalimu alikuwa ameona kwa macho yake kwamba mahali hufungwa, huuzwa, na watu wakaendelea kuwa wamoja maadamu hawajaacha kukutana. Kuacha ni rahisi mno. Huanza na Jumapili moja ya uchovu. Kwa hiyo keshokutwa, na magoti yangu haya, nitapanda ngazi.