Nilivyochagua velo nyepesi ya uzee wangu hapa Goma, na jinsi ilivyopita bariere ikiandikwa kuwa mtoto

Wakuu, jambo yenu kutoka Goma.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Mahali nilipoaibika nitasema, mjue kwamba sitengenezi. Kiswahili yetu ya huku mnaijua. Nimejitahidi kuinyoosha, pale itakapopinda mnivumilie.

Kuna mwenzetu humu aliuliza mtu mzima achague baiskeli gani, nyepesi, ya kubebeka. Mkamjibu anunue pikipiki. Mwingine akamwambia mzee apumzike nyumbani. Nilisoma nikapita. Halafu nikaona hapana, wacha niseme.

Nina miaka sitini na minne. Nimezalisha wanawake tangu msichana, kwenye vituo vya afya na kwenye nyumba za watu, hadi nilipopewa pensheni. Hapa mtaa wa Majengo wananiita Koko, yaani bibi. Magoti yangu yote mawili yamekwisha. Daktari alinikataza kutembea mbali, akasema velo, yaani baiskeli, haina neno, goti linazunguka bila kubeba mwili.

Velo nilikuwa nayo. Ya marehemu mume wangu, nyeusi, chuma kitupu, ile ambayo mtu akiigonga ukuta, ukuta ndio unaumia.

Basi mlima wetu wa moto ukapasuka. Ule upasukaji wa juzijuzi, si ule wa zamani ulioingia mjini kati. Moto ulikuwa umeshasimama, sisi tunahesabu mitetemeko tu, mara asubuhi moja ikatangazwa kwamba quartier zetu zote, yaani mitaa, zihame. Mji mzima ukashika barabara ya Sake.

Mimi nikapakia velo. Godoro, masufuria, mkoba wangu wa kazi, na cherehani.

Msiniulize cherehani ya nini. Sijui kushona. Ilikuwa ya mama mkwe.

Nikasukuma mpaka kilima cha Mugunga. Pale velo ikaniinamia polepole, kama mtu anayesinzia kanisani, ikanilaza chini na kulala juu yangu. Cherehani kifuani, godoro usoni.

Wakuu, nilikaa pale chini muda mrefu. Watu walikuwa wanapita, na watu wa Goma wana adabu, kila mmoja alinisalimia. "Pole, mama." "Asante, baba." Hakuna aliyesimama, na siwalaumu, kila mtu alikuwa na wake mgongoni. Mzee mmoja, mkubwa kwangu kwa umri, alinipita na chukudu yake, ile ya mbao ya magurudumu mawili ya kusukuma, amebeba kabati. Kabati zima, na kioo chake. Nilijiona kwenye kile kioo nikiwa chini ya velo, nikacheka peke yangu mpaka nikalia.

Mwishowe mama wawili waliniinua. Siku ile niliapa: chombo nisichoweza kukinyanyua mwenyewe si changu, mimi ndiye wake.

Tuliporudi mjini, ile nyeusi nilimpa shemeji yangu. Nikaenda Birere, kwenye maduka, kutafuta nyepesi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye faida kwenu.

Muuzaji wa velo hajui uzito wa velo. Anajua uzito wa kukupendeza tu. Nilikwenda kwa mmoja anaitwa Papa Dido, anauza zile zinazotoka Ulaya zimeshatumika. Kila niliyoigusa alisema kilo kumi. Ya mlimani, kilo kumi. Ya kukimbilia mashindano, kilo kumi. Moja ilikuwa na kiti cha mtoto na kikapu cha chuma, nayo kilo kumi.

Nikarudi nyumbani. Kesho yake nikaenda na mizani yangu ya kupimia watoto.

Mnaijua, ile ya kutundika, yenye uso wa mviringo kama saa, mtoto anawekwa kwenye kitambaa ananing'inia. Inafika kilo ishirini na tano. Nikaitundika kwenye mti wa paa la kibanda chake, nikaanza kuning'iniza velo moja moja.

Ya mlimani, kilo kumi na saba. Ile ya kikapu ilizungusha mshale mpaka mwisho na paa likaanza kulia.

Papa Dido akasema mizani ni ya watoto, haijui velo. Nikamwambia kilo ni kilo.

Bahati mbaya yake, watu waliona mizani. Mama wa Kibumba wanaouza kabichi wakaja kupima kabichi. Mwingine akaja na jogoo. Halafu mama mmoja kijana akamfungua mtoto mgongoni akaniomba nimpime, kwa sababu hakuwa amepimwa tangu walipokimbia moto. Nikampima. Nikamwambia anyonyeshe zaidi, asimpe uji bado. Wakapanga mstari. Kibanda cha Papa Dido kikawa kliniki asubuhi nzima na hakuuza hata kengele.

Ile ya mashindano ilikuwa nyepesi kweli, kilo tisa. Lakini usukani wake unakulaza kama unatafuta sindano, na kuipanda lazima urushe mguu juu. Mimi navaa kikwembe, yaani kitenge, na goti langu halirushwi. Nililirusha mara moja tu. Kabichi tatu ziliharibika.

Mwishowe Papa Dido mwenyewe, ili niondoke, akatoa kitu nyuma ya mapazia. Kijani, magurudumu madogo, kimekunjwa katikati kama kitabu.

Akasema ni velo. Nikamwambia akifungue. Akajaribu. Akaja jirani yake, akaja na wa tatu. Walivuta, wakasukuma, mmoja akabanwa kidole nikamfunga bandeji. Mimi niliangalia nikaona kosa lao: walikuwa wanavuta. Mtoto aliyetanguliza matako havutwi. Anaachwa ashuke kwa uzito wake, wewe unamgeuza kidogo tu. Nikaishika usukani na kiti, nikaiacha ijishushe, nikaigeuza. Ikafunguka yenyewe.

Kilo kumi na mbili. Nikainyanyua kwa mkono mmoja. Tukaelewana.

Nisiwadanganye lakini. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya mlima, barabara ni meno matupu. Magurudumu madogo yanaingia kati ya mawe na kubaki humo. Wiki ya kwanza nilianguka kila siku, mara moja mbele ya msafara wa harusi, bibi harusi akashuka kuniokota. Nikabadilisha matairi, nikaweka mapana. Na pale njia isipofaa naikunja na kuibeba. Kusema ukweli, nusu ya safari zangu ni mimi ninayeibeba yeye.

Watu walicheka sana. Koko na velo ya mtoto. Nikazoea.

Halafu vita ikashuka kutoka Rutshuru.

Zamani, mdogo wangu wa kike alikufa akizaa, kule Kalengera, mimi nikiwa hapa Goma nangojea gari. Aliacha binti wa miaka saba, Uwimana. Nimemlea kama wangu hadi alipoolewa akarudi huko kwa wakwe. Waasi walipoikaribia barabara, Uwimana alikimbia na wengine wengi, wakaishia kambini Kanyaruchinya, kupanda kidogo kutoka mjini, chini ya turubai. Alikuwa na mimba ya kwanza. Nilimsihi aje kwangu. Akasema anangoja mume wake aliyepotezana naye njiani, akiondoka pale hatamwona tena.

Asubuhi moja simu ikalia. Jirani yake wa turubai, anaitwa Mama Rehema, akaniambia maji yamevunjika tangu alfajiri, na wauguzi hawapo, wameondoka waliposikia mabomu karibu.

Nilichukua mkoba nikapanda velo. Moto, yaani pikipiki, hazikuwepo, wenye moto walikuwa wanakimbia upande mwingine.

Njiani kuna bariere, kamba na askari. Amri ya asubuhi ile: velo, moto na chukudu hazipandi. Watu wa miguu na mizigo yao wanapita. Kwa nini, hakuna aliyejua, hata askari mwenyewe.

Kutoka pale hadi turubai, kwa magoti yangu, ni nusu ya siku.

Nikashuka. Nikaikunja mbele yake. Nikamwambia, "Hii ni mzigo."

Askari alikuwa mtu mzima, mpole. Aliitazama sana. Akasema kama ni mzigo, mizigo inakaguliwa, kwa hiyo niufungue. Nikaufungua. Akasema sasa ni velo, velo haipiti. Nikaukunja. Akasema sasa ni mzigo, lakini haujakaguliwa.

Wakuu, tulifanya hivyo mara nne. Simtanii yule mtu, aliumia nayo moyoni, alikuwa anatafuta kwa dhati njia ya kuitii amri. Mara ya tano niliikunja huku nikimwambia saa inakwenda. Nilikuwa namwona mdogo wangu, na ile gari niliyoingojea.

Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja na kaye yao, daftari la kuandika wanaopita. Ilikuwa na safu tatu: watu wazima, watoto, mizigo. Nikamweleza yote, na mdogo wangu pia, jambo ambalo sipendi kulieleza. Akasikiliza. Akaniuliza swali moja.

"Mama, watoto banakaguliwa?"

Yule askari akajibu kwamba hapana, watoto hawakaguliwi.

"Basi beba mutoto yako, uende."

Nilitoa kikwembe cha akiba mkobani. Nikainama, wao wawili wakaniwekea velo mgongoni, nikaifunga kama mtoto, fundo kifuani. Pedali ilikuwa inanichoma mbavu. Mkubwa akaandika kwenye kaye bila kucheka: mama mmoja, mtoto mmoja.

Nilitembea hatua kama hamsini hivi, nikafungua fundo, nikaifungua velo nikapanda. Niligeuka mara moja. Wote wawili walikuwa wanaangalia milima.

Nilimkuta Uwimana uchungu umeshafika mbali, kichwa cha mtoto kinatoka, kitovu kimemzunguka shingo. Mama Rehema alikuwa amemshika mabega anaimba wimbo wa kanisa, na mabomu yanajibu. Uwimana aliponiona hakulia. Alisema tu, "Umefika."

Nikapitisha kidole, nikakitoa kitovu kile shingoni. Msichana. Alikaa kimya kwa muda ambao sitausahau, nikampangusa, nikamsugua mgongo, nikampulizia. Kisha akalia, kwa hasira, kama mtu aliyekatizwa usingizi.

Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe. Mama Rehema aliniletea maji, akaniuliza kwa nini nina alama ya mafuta meusi mgongoni. Nikamwonyesha velo.

Nilimwambia Uwimana sasa ni mtoto anayeamua, si mume. Akakubali. Mchana ule ule tukashuka wanne: Uwimana amempakata mtoto, Mama Rehema na furushi, mimi nasukuma velo.

Bariere walikuwa wamebadilishana. Askari mpya, kijana, mwenye bidii. Akafungua kaye na kutafuta. Akauliza nani alipanda asubuhi. Nikasema mimi. Akasoma kwa kidole.

"Ulipita na mutoto. Sasa iko wapi?"

Nikamwonyesha velo. Akasema hapana, hiyo ni velo. Uwimana akamwonyesha mtoto. Akauliza mtoto ana umri gani, akaambiwa ana masaa matano tangu azaliwe. Akahesabu kwenye vidole. Akasema huyu hakuwepo asubuhi, kwa hiyo huyu ni wa kuongezeka, na yule wa kwanza bado anakosekana.

Niliogopa, wakuu. Siku zile mtu aliyepoteza mtoto kwenye karatasi angeweza kulala ndani kweli.

Nikaomba dakika moja. Nikaikunja velo, Mama Rehema akaniwekea mgongoni, nikaifunga. Nikasimama mbele yake.

Alinizunguka. Aliangalia mgongo, akaangalia kaye. Akaweka alama. Kisha akaandika mstari mpya, kwa mwandiko mzuri wa shule: mtoto wa pili. Mdomo wake ulikuwa unatetemeka, sijui kwa kicheko au kwa woga wa mkubwa wake.

"Mupite, bamama."

Nikapita na velo mgongoni. Safari hii sikuifungua hadi tulipofika sokoni, kwa kuwa yule alikuwa anatuangalia kweli.

Miaka imepita. Vita iliingia hadi mjini, tukalala sakafuni siku kadhaa, ikapita juu yetu. Mume wa Uwimana hakuonekana, na hatujaacha kuuliza. Mtoto anakimbia nyumbani hapa. Nami bado naendesha, taratibu, pale mawe yanaporuhusu.

Funzo langu kwa yule ndugu aliyeuliza, na wazee wote mlio humu:

Msimuulize muuzaji inakimbia vipi. Inyanyueni velo kwanza. Inyanyueni mkiwa mmechoka, si asubuhi mkiwa na nguvu. Ikunjeni na kuifungua wenyewe mara kumi mbele yake. Pandeni na nguo mnayovaa kila siku. Gurudumu dogo lipewe tairi pana. Na kama mtu atawaambia kilo kumi, pelekeni mizani.

Anayesema nimetia chumvi aseme hapa hapa, nitamjibu, sina haraka.

Na mwenye ujuzi anisaidie: bawaba ya katikati imeanza kulegea, nimeifunga na bandeji kwa sasa. Huwa mnapata wapi pini yake? Uwimana sasa anaangalia mimba za watu, yaani amesomea kazi yangu, anaanza kuzalisha. Anaazima velo yangu kila Jumatatu, na sitaki imkunjikie kilimani.