Mama kanijibia intavyuu

Leo mama yangu kanijibia intavyuu. Kwa Kiingereza.

Nasoma uhandisi wa mitambo. Hesabu sina shida nazo, ila Kiingereza cha kuongea ndo mtihani wangu.

Injinia wa kiwanda kimoja Mikocheni, nilikoomba fildi, yaani mafunzo ya vitendo, kapiga simu nimweleze mradi wangu wa pampu. Nikaweka spika, nikaanza vizuri tu.

Katikati nikawa mweupe, Kiingereza chote kimenitoka. Mie naiangalia simu, simu inaniangalia.

Mara nasikia jikoni, mama huku anamenya vitunguu: "Therefore, the pump uses less power."

Jamani, mama hajui Kiingereza. Ila wiki mbili nzima nimekariri maelezo hayo kwa sauti yeye akipika. Kumbe naye alikuwa darasani.

Injinia akauliza kwa Kiswahili, "Huyo nani?"

"Mama yangu. Maelezo haya huwa nayafanyia mazoezi kwake."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwambie shikamoo. Haya, endelea, hivyohivyo unavyomwelezeaga yeye."

Nikageukia jikoni. Kiingereza kikarudi chenyewe.

Naanza Jumatatu.

Mama anauliza, na yeye wamempangia siku gani. Nisaidieni, nimjibu nini?