Verna Halishi Mtu

Huku milimani kwetu Kentucky humwambii mtu kwamba unamlisha. Hata baba yangu alipopooza mikono, nyumbani tulisema tunakula naye, basi. Verna Caudill, mwangalizi wa watoto shuleni kwetu, alilelewa hivyo hivyo, na ndivyo alivyokaa kila adhuhuri na Raelynn, binti wa shule yetu mwenye viungo vilivyokakamaa. Mimi ndiye mpishi, niliwaona kupitia dirisha la jikoni. Verna anachota maharage yake, anameza. Kisha anachota ya Raelynn, anamshika kidevu, anasubiri yashuke. Asipoangalia vizuri, mtoto anapaliwa.

Mshahara wa Verna ulitoka kwenye bima ya afya ya serikali, inayozilipa shule kwa kuwahudumia watoto wenye ulemavu. Ili wajue pesa zao zinafanya kazi gani, wakubwa wa bima hiyo hutuma swali kwenye simu ya mfanyakazi bila kutangaza: dakika hii unafanya nini? Lilimfikia Verna mezani, Raelynn akichungulia simu, na Raelynn anasoma vizuri kuliko mimi. Verna akaandika, "Nakula chakula cha mchana na Raelynn." Swali likarudi tena majira ya baridi, tena mezani. Akajibu vile vile.

Bledsoe, mkuu wetu wa fedha, alimfuata hadi jikoni.

"Mama, kwa majibu haya unaonekana ulikuwa mapumzikoni."

"Nilikuwa kazini."

"Sasa si ungeandika unamlisha? Unamzuia asipaliwe? Ungepungukiwa nini, Verna?"

"Alikuwa anasoma."

"Nani?"

"Mwenyewe."

Bledsoe akakuna upara. Jibu likishatumwa halibadilishwi. Bajeti ilipobanwa, nafasi ya Verna ikafutwa kwa kuwa haikuonyesha huduma yoyote ya afya, akaletwa kwangu kuosha vyombo. Nilimwandalia kitambaa cha kufutia machozi. Yeye akauliza glavu ziko wapi.

Nilimkasirikia, kusema kweli. Nikagongagonga masufuria.

"We Verna, hata tusi moja?"

"Nimtukane nani, Opal?"

Nikageukia sufuria nyingine.

Mwangalizi wa madarasa mengine, aliyeongezewa Raelynn, alikuwa mwanamke mwema, ila alikuwa na watoto wengi wa kukimbilia. Alisimama na kijiko juu ya Raelynn na kusema kwa sauti, "Fungua mdomo mpenzi, nikulishe." Raelynn akafunga mdomo. Kesho yake akafunga. Akaanza kupukutika, mashavu yakabonyea, mama yake akaambiwa huenda atatobolewa tumbo awekewe mpira wa kupitishia chakula. Verna alizisikia habari hizo akiwa na sinia mkononi. Akalisuuza, akachukua lingine. Uso wake haukusema kitu, na mimi nilihofu kwamba ndani pia hamna kitu.

Siku iliyofuata, saa ya mapumziko yake ilipofika, alivua glavu, akajipakulia maharage na mkate wa mahindi, akatoka. Mwangalizi alimwachia kiti. Verna akatia kijiko kinywani mwake kwanza, akatafuna taratibu.

Raelynn akamtazama sana.

"Umechelewa, Bi Verna."

"Laumu Opal. Anapika kama anachimba kisima."

Mtoto akafungua mdomo.

Sasa anakwenda mezani kwake kila siku, halipwi senti kwa nusu saa hiyo, na mambo ya mpira wa tumboni yamesitishwa. Lile swali halimfikii tena. Waosha vyombo hawaulizwi. Lingemfikia leo, jibu lake lingekuwa lile lile, na mara hii Bledsoe asingekuwa na la kusahihisha: Verna yuko mapumzikoni, anakula chakula cha mchana na Raelynn.