Kitambaa Hakizuii Sauti

Kaka yangu alikuwa na daftari la vita, na kabla binti wa mjomba hajashuka kutoka Bijombo, huko milimani, daftari lile lilikuwa la watu wawili, yeye na mimi. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya mapigano. Nyumbani kwetu Kasenga tulichora viraba kwa chaki kwenye sakafu, tukapanga vifuniko vya chupa: vya bia askari wangu, vya soda askari wake. Sheria alizinakili kutoka kijitabu cha Kifaransa alichoazima shuleni, na pale kijitabu kiliponyamaza alitunga zake. Nilikuwa na miaka kumi na minne na sikuhitaji rafiki mwingine.

Halafu mjomba akamleta binti yake, wa umri wangu, akae kwetu mpaka huko juu kutulie. Alikuja na mkeka na sweta moja. Siku ya pili tu kaka alimpa vifuniko vya soda.

"Mutacheza weye na yeye," aliniambia. "Minye niko arbitri."

Nilisema sawa, yeye awe mwamuzi. Haikuwa sawa hata kidogo.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kila mmoja wetu alikuwa na karatasi yenye viraba vilevile vya sakafuni, akaificha nyuma ya jalada la kitabu na kuandika mahali walipo askari wake. Sakafuni tuliweka tu wale walioonekana. Waliojificha aliwajua kaka peke yake, na kila zamu alihesabu nani anaweza kumsikia nani. Anayetembea husikika viraba viwili, anayekimbia vinne, gari vinane. Amri ya mnong'ono hufika kiraba kimoja. Karibu na mto sauti hupungua nusu, na mvua ikinyesha hakuna anayesikia chochote. Kisha kaka alikuja kukunong'oneza sikioni: "Kuna miguu, upande wa mto." Hakusema ni wangapi. Sauti hukupa upande, haikupi idadi, na ukitaka kujua zaidi lazima usogee, nawe ukisogea unasikika.

Sheria iliyonitesa ilikuwa moja. Aliyetulia husikia umbali wote, anayetembea husikia nusu, kwa sababu miguu yake mwenyewe inamziba masikio. Mimi sijawahi kutulia tangu nizaliwe. Yule binti alikaa zamu tatu, nne, bila kusogeza kifuniko hata kimoja, akisikiliza, nami nikimjia kwa kasi kama mbuzi aliyekata kamba. Alinishinda wiki nzima mfululizo.

"Kwetu kuna ukungu," alieleza, kama mtu anayeomba msamaha. "Ngombe hauzioni. Unasimama, unasikia kengele, hapo njo unaenda."

Kaka alicheka kwa furaha. Nilimwonea wivu yule binti, na sioni haya kuliandika sasa. Zamani, milio ya bunduki ikianza mlimani, kaka alinishika mkono tukatoka uani, akaniuliza mimi, "Iko wapi ile?" Sasa alimuuliza yeye. Naye alifumba macho kidogo na kusema, "Iko mbali, iko nyuma ya mulima," na mama akaendelea kuanika ndagala zake, ameamini. Mimi niliposema iko mbali, mama alitufungia ndani.

Mara moja tu nilimshinda kwa maneno. Alikuwa amewaficha askari wake ndani ya hema, akadai wakitembea humo wasisikike. Nilisimama. Nilipiga kelele kwamba hema ni kitambaa, ukuta ndio unaozuia sauti, kitambaa hakizuii kitu. Kaka alifikiri, akaandika kwenye daftari: kitambaa hakizuii sauti. Nilijiona wakili.

Siku mbili baadaye, mchana, nilimfuata mama chumbani. Kati ya chumba chake na sebule palikuwa na kitenge kilichotundikwa kwa misumari. Upande wa pili binti wa mjomba alikuwa akichambua maharagwe kwenye beseni. Nilishusha sauti.

"Mama, ule mutoto atarudia kwao lini?"

"Kwao wapi? Hausikii vile kunalia kule?"

"Wengine wamesharudia. Huyu anatukulia tu chakula. Mugeni siku mbili, ya tatu mumupe jembe."

Jembe alikuwa ameshalishika tangu siku ya kwanza. Maji ya nyumba nzima alichota yeye. Mama alinikazia macho, akaniambia ninyamaze. Hapo maharagwe yaliacha kulia kwenye beseni. Yalikaa kimya kidogo, kisha yakaanza tena, moja moja. Nilisikia vizuri kabisa, nikajifanya sikusikia.

Jumapili mama na kaka walikwenda misa. Mimi nilibaki uani nikisugua sufuria kwa mchanga na kuimba. Waliporudi, mama aliuliza mgeni yuko wapi. Mkeka haukuwapo, sweta haikuwapo. Jirani alisema alimwona akifuatana na wanawake waliokuwa wakipanda mlimani na mizigo ya chumvi. Mama alikimbia mpaka barabara inapoanza kupanda, hakuwakuta. Milio ya siku ile ilitoka hukohuko. Habari zake hatukuzipata mwezi ule, wala mwaka ule.

Mama hakunigombeza. Aliketi mlangoni, akanitazama, akatazama kitenge. Afadhali angenichapa.

Jioni kaka alikusanya vifuniko. Mchezo wetu wa mwisho haukuwa umekwisha, kwa hiyo karatasi ya binti wa mjomba ilikuwa bado nyuma ya jalada. Aliifungua, akaisoma upya, akanipa. Mwandiko ulikuwa safi. Katika zamu zake za mwisho hakukaa kama kawaida yake. Askari wake wote walikuwa wakipanda kiraba kimoja kimoja, wakapita karibu kabisa na wangu, wakatoka nje ya mstari wa juu.

Kaka alipitisha kidole, akihesabu.

"Walipita viraba viwili tu toka kwako," alisema. "Kama ungetulia zamu moja, ungemusikia."

Kwa sheria, anayebaki peke yake uwanjani ndiye mshindi. Kaka aliandika kwamba nimeshinda, akalifunga daftari, akaliweka mapajani mwangu na kutoka nje. Hakulidai tena. Nilikuwa nimelitaka liwe langu, nikalipata.