Mpaka Zena Aseme Basi

Miaka ile ya hamsini, mtu wa Kariakoo aliweza kuishi bila mengi, lakini kuozesha binti bila Biti Sadalla hakuweza. Jina lake hasa lilikuwa Sitara. Sadalla alikuwa baba yake. Alikaa Mtaa wa Mchikichi, chumba cha uani, yeye na mumewe Hamis, kuli wa bandarini, na mtoto wao mmoja, Zena. Pilau yake ilisifiwa kuanzia Gerezani mpaka Ilala. Kwenye shughuli alijifunga kanga mbili, masizi yakampanda mpaka kwenye nyusi, akashika mwiko uliompita urefu, na wanawake arobaini wakafanya alilosema. Wanaume huko barazani walikula wakashiba wakamshukuru mpishi, na hakuna hata mmoja aliyeijua sura yake. Hapo ndipo Mwinyimvua alipoponzeka.

Zena alikuwa na miaka tisa. Alizaliwa kwa tabu, uchungu wa siku mbili, na tangu hapo miguu haikumtii, shingo ililegea akichoka, na maneno yalimtoka yamevutika na kushikana. Mama yake aliyaelewa yote. Baba yake aliambulia nusu, na wengine walisikia sauti tu wakatabasamu kwa adabu. Akili alikuwa nayo, tena kali, na kila Ramadhani ilipokaribia aliuliza habari ya pembea. Watoto wa uani walikuwa wamemsimulia: farasi wa mbao walioning'inizwa kwenye boriti, wakizungushwa na vijana pale Mnazi Mmoja siku zote za Idd, upepo ukikupiga mpaka unatoa machozi. Yeye hakuwahi kupanda. Mwaka wa hamsini na tano Sitara akasema imetosha, safari hii watakwenda wote watatu, wakae huko kutwa nzima na chakula chao kwenye kikapu.

Walikwenda Idd pili. Zena alivalishwa gauni la hariri ya njano lenye marinda matatu, Hamis akambeba mgongoni, na Sitara akajitanda buibui lake jipya. Walisimama kwenye msururu tangu saa tatu. Zena alihesabu watoto waliobaki mbele yake, na kila mmoja alipopanda alimpiga baba yake begani kwa furaha. Ilipofika zamu yao, mwenye pembea alikuwa pale mwenyewe. Huyo ndiye Mwinyimvua, mtu mnene wa makamo, kanzu nyeupe, kofia iliyodariziwa, kamba ya farasi mkononi.

"Huyu naye vipi?" aliuliza.

"Anapanda," Hamis alisema. "Nitamshika mimi."

Mwinyimvua alimtazama mtoto kuanzia miguuni mpaka mdomoni, akaivuta kamba kwake. "Bwana, hapa ni mahali pa watoto wazima. Huyu atanijazia udenda farasi wangu, na nani atampanda tena? Mrudisheni ndani. Vingine havitolewi hadharani siku ya watu kufurahi."

Watu wakacheka. Hawakucheka wote, lakini masikioni mwa Sitara walicheka wote, Mnazi Mmoja nzima. Zena hakulia. Alisema neno moja kwa mama yake: twende, nimechoka. Mwongo mdogo yule, hakuwa amechoka hata kidogo, na hilo lilimuuma Sitara kuliko maneno ya yule bwana.

Chakula kwenye kikapu hakikuliwa. Jioni Hamis alijaribu kumtuliza. "Mama Zena, yaishe. Tumwachie Mungu."

"Mungu ana kazi nyingi," Sitara alisema. "Hii nitamsaidia."

Usidhani alikonda kwa chuki. Alinenepa. Aliamka nayo asubuhi, akapepeta mchele nayo, akaimba nayo jikoni. Kila alipomwogesha Zena alikumbuka lile neno "vingine", mtoto wake akitajwa kama kapu lililotoboka, na damu ikamchemka upya ikampa nguvu za kazi. Hakujua tu njia itatokea wapi. Njia ikamfuata yenyewe nyumbani.

Mwishoni mwa mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, alikuja mwanamke mpole, kajitanda vizuri, akabisha hodi. Alikuwa Bi Sofia, mke wa Mwinyimvua. Walikuwa wanaozesha binti yao, mume mtu wa Bagamoyo, wageni wangekuja na malori mawili, na bila Biti Sadalla wangeumbuka. Sitara alimpa kahawa, akauliza magunia ya mchele ni mangapi, mbuzi ni wangapi. Alijibu kwa upole kwamba amesikia. Bi Sofia akaenda zake akidhani amekubaliwa, na masikini hakuwa na kosa lolote.

Sasa ujue desturi. Shughuli ya pwani haipikwi na mpishi peke yake. Siku moja kabla, wanawake wa mitaa huja na visu vyao na nyungo zao, wakae uani wachambue mchele, wamenye vitunguu, watwange viungo, huku wanacheka na kusengenya mpaka jioni. Hawaalikwi kwa barua wala hawalipwi. Wanakuja kwa sababu nawe ulikwenda kwao. Wasipokuja umesusiwa, na kususiwa harusi hakuishi wiki ile. Wajukuu wako watakuja kuulizwa.

Siku mbili kabla ya harusi, Sitara alimfunga Zena mgongoni kwa kanga, akapita nyumba kwa nyumba. Mitaa ya Mchikichi, Narung'ombe, Sikukuu, Kongo.

"Hodi."

"Karibu, Biti Sadalla. Karibu kitako."

"Sikai, shoga. Nimekuja kuaga tu. Kwa Mwinyimvua siendi. Mwanangu kaambiwa si wa kutolewa hadharani, basi na mama yake atabaki ndani."

Halafu anakwenda mlango mwingine. Hakumwomba mtu asiende. Hakukuwa na nyumba ambayo hakuwa amepika hitima yake au harusi yake, na Zena, kidevu begani mwa mama yake, alikuwa anatazama kila mtu usoni.

Siku ya kuchambua mchele ilipofika, uani kwa Mwinyimvua kulikuwa na magunia matano, mbuzi wanne wameshachinjwa, nzi, na dada watatu wa Bi Sofia ambao hawakuwahi kushika sufuria iliyozidi ya watu kumi. Saa nne hakuna mtu. Saa sita hakuna mtu. Saa saba Bi Sofia alikuja mbio, ukaya wa kichwani umemwanguka.

"Biti Sadalla, tumekukosea nini?"

"Wewe hujanikosea kitu, mwenzangu. Mlete mumeo."

Mwinyimvua alikuja kavua kofia. Kwanza alimwona Zena amelazwa juu ya mkeka mlangoni, kisha akaiona sura ya mama yake bila buibui, na ndipo alipoelewa.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi. Na mpishi ni mimi."

"Nisamehe, Bibi. Nilisema ovyo."

"Samahani mtoto hawezi kuipanda," Sitara alisema. Maneno yake alikuwa ameshayapanga siku nyingi, akayatoa moja moja. Idd ya mfungo tatu, ile ya kuchinja, Zena atapanda wa kwanza, peke yake, pembea nzima. Vijana wa kusukuma watakaa kando. Atasukuma Mwinyimvua kwa mikono yake, mbele za watu, na hataacha mpaka Zena mwenyewe aseme basi.

Mwinyimvua aliapa. Sitara akatoka mlangoni, akapiga makofi mawili, na wallahi haikupita nusu saa uani kwa Mwinyimvua kukajaa. Visu walikuwa wamevifutika kwenye kanga tangu asubuhi. Pilau ilipikwa, tena nzuri, kwa kuwa Sitara hakuwa mtu wa kuharibu mchele.

Idd ya mfungo tatu ilipofika, wale wanawake arobaini walikwenda Mnazi Mmoja mapema kushika nafasi za mbele. Hamis alimketisha Zena juu ya farasi, akamfunga kiunoni kwa kanga mbili, vizuri kabisa. Gauni lilikuwa lile lile la njano. Mwinyimvua akakunja mikono ya kanzu, akashika boriti, akasukuma.

Duru za mwanzo zilikwenda polepole. Kisha pembea ikashika kasi, boriti ikalia, watu wakapiga vigelegele. Sitara alisimama mbele ya wote. Aliona jasho likitokeza mgongoni mwa Mwinyimvua, kwanza alama ndogo, halafu kanzu yote ikamganda. Aliona kofia ikianguka na mwenye kofia akiikanyaga kwenye duru iliyofuata. Alisikia mtu nyuma akicheka, na kicheko kile kikamwingia moyoni kama maji baridi saa ya kufuturu. Hakuwahi kufurahi namna ile, hata siku ya ndoa yake.

"Kasema basi?" Mwinyimvua aliuliza akihema.

"Hajasema."

Zena alikuwa anapaza sauti, juu ya vigelegele, na wanawake wakafurahi kumsikia akishangilia. Duru ya ishirini, ya thelathini. Mwinyimvua akaanza kujikwaa.

"Mama Zena," Hamis alisema, "mtazame mtoto."

"Sukuma," Sitara alimwambia Mwinyimvua.

"Bibi, kasema?"

"Nimesema hajasema. Sukuma."

Hamis aliruka akaishika boriti kwa kifua, ikamburuta hatua kadhaa kabla ya kusimama. Alifungua zile kanga kwa haraka, akamshusha Zena. Shingo ya mtoto ilikuwa imelegea kabisa, uso umekuwa wa majivu, na marinda ya njano yote yalikuwa yamelowa matapishi. Mwinyimvua alikuwa amekaa chini, anatazama. Sitara alifika akiwa na hasira bado.

"Nani kakwambia usimamishe? Yeye mwenyewe hajasema basi."

Zena alifumbua macho. Alijikusanya, akalivuta kila neno kwa nguvu, taratibu, mpaka hata baba yake akaelewa, na wanawake wa mbele nao wakaelewa.

"Nilisema. Nilisema tangu mwanzo. Kila nikipita kwako nilisema."

Sitara alinyoosha mikono ili ampokee. Zena akauficha uso wake shingoni mwa baba yake, na Hamis akageuka naye, wakaenda kutafuta maji.