Kidoti cha Shavu la Kulia

Mimi si mtu wa hadithi. Shule niliishia darasa la pili, na mambo ya kutunga sijui hata yanaanzia wapi. Hiki ninachowaandikia kilinipata mwenyewe, hapa Ujiji, nyuma ya nyumba yangu, mchana jua likiwa utosini, sina homa wala sijasinzia. Asiyetaka kuamini aje. Nitaziba jicho langu la kulia mbele yake, naye anyooshe vidole vyake, aone kama nitavihesabu.

Nilizaliwa pacha. Wengine husema Kulwa na Doto. Sisi Waha tunasema Bukuru na Butoyi. Bukuru ndiye aliyetangulia kutoka, Butoyi ni mimi. Aliyetufuata akaitwa Chiza, maana ndilo jina la mtoto anayezaliwa nyuma ya pacha, na Chiza wetu yupo hai mpaka leo, ana michikichi yake kule Kidahwe. Mimi na Bukuru tulifanana mpaka baba alikuwa akimchapa mmoja kwa kosa la mwingine. Mama peke yake hakukosea. Alitazama kidoti cheusi shavuni: changu kiko shavu la kushoto, chake kilikuwa la kulia.

Tulipokuwa na miaka kama saba, mama alitutuma ziwani kuchota maji, kila mtu na kibuyu chake kidogo. Tulikuwa watoto sita. Majina yao ninayo yote: mimi, Bukuru, Ramadhani wa mzee Songoro, Tabu, Maua, na Yohana aliyekuwa na kigugumizi. Wimbi lilikuja moja tu, kubwa, kama mtu anayefagia. Tulirudi watano.

Ziwa halikumrudisha. Na mama yangu, kama alivyofundishwa na mama yake, alikuwa akisema pacha hafi, na pacha haliliwi; ukimlilia mmoja umemfungulia mlango na yule wa pili. Jioni ile watu walipoanza kukusanyika aliwanyamazisha mlangoni. "Bukuru ameenda kuchota maji," akasema. "Atakuja." Kuanzia hapo kila ugali ulipopikwa aliukata katikati, nusu yangu na nusu yake, na kila aliponinunulia kanga alinunua mbili. Hivyo hivyo mpaka alipozikwa. Mama alipokwenda, desturi ikaenda naye. Nikaanza kula sahani nzima.

Nieleweni hapa, kwa sababu hapa ndipo penye shina la mambo. Majina siyasahau. Niulize mkunga aliyenitoa, niulize mbuzi wa jirani, nitakutajia. Lakini uso wa Bukuru ulinitoka. Picha hatukupigwa. Nilikuwa najua kwamba alifanana nami, ila mimi mwenyewe nimeshazeeka, sura ya utoto imekwenda. Ni jambo gani gumu kuliko kumjua mtu kwa jina tu, na mtu mwenyewe mlilala tumbo moja?

Sasa, kuchora. Nilianza uzeeni, wala hakuna aliyenifundisha. Jirani yangu fundi Kasongo, ambaye babu yake alivuka kutoka Kongo, anaunda maboti hapa ufukweni, na mabaki ya rangi alikuwa akiyamwaga mchangani. Niliona uchungu. Picha yangu ya kwanza niliichora kwa mawese juu ya boksi. Sisimizi waliila yote, wakaacha jua tu nililolichora pembeni. Nikaenda kwa Kasongo kuomba masalia ya makopo.

"Mama, hii rangi ni ya boti," akaniambia. "Ukimpaka mbuzi ataelea."

"Nipe, nitaanza na wewe. Unaonekana mzito."

Akanipa, na vipande vya mbao akanipa. Brashi nilifunga mwenyewe, manyoya ya mbuzi kwenye kijiti. Nikawa nachora vilivyo mbele yangu, maana mimi sina pa kwenda: chanja za dagaa, vyungu vya mawese, nyavu zimetundikwa kama nguo za watu wasiokuwepo, boti limepinduliwa na kuku amekaa juu yake. Mama Zaituni, anayeanika dagaa karibu na uzio wangu, alikuwa haishi kunichokoza. "Bibi Butoyi, umerudi chekechea? Mwalimu anakupa uji?" Lakini nilipomchora amebeba beseni kichwani, aliichukua ile mbao akaitundika sebuleni, na hajanirudishia mpaka leo.

Zile zilikuwa siku ziwa lilipopanda. Mnaokaa huku mnajua. Maji yalikula mchanga, yakala choo cha Kasongo, yakaja mpaka mguuni pa uzio wangu. Zamani kutoka nyumbani hadi majini ulikuwa mwendo wa kutosha mtoto kuchoka. Sasa nilikuwa nikilala nayasikia yakipumua nyuma ya ukuta. Sikufikiri lolote. Ningefikiri nini?

Siku moja nikasema, vyote nimechora, nijichore na mimi. Nikachukua mbao pana, nikaipaka nyeupe yote. Nikaegemeza kioo kidogo cha kunyolea, cha marehemu mume wangu, kwenye kopo. Nikajitazama na kuchora nilichokiona: mvi, makunyanzi, pengo la mbele, kidoti. Nilichukua siku mbili. Ilitoka vizuri kuliko zote, mpaka nikaiogopa. Ubavuni ilibaki nafasi nyeupe ya kutosha uso mwingine.

Fundi Kasongo alipopita akasimama kuitazama.

"Mama, umepatia. Ila kidoti umekosea upande."

"Nimekosea vipi? Nimekiweka pale pale nilipokiona."

"Umekiona kwenye kioo. Kioo kinageuza. Huyu mtu wa kwenye mbao kidoti chake kiko shavu la kulia. Chako si kile pale kushoto?"

Nikapapasa shavu. Kweli. Tukacheka, nikasema kesho nitakikwangua. Ndugu zangu, nilicheka! Mtu mzima mwenye akili zake nilisimama mbele ya uso wa dada yangu, kidoti chake shavuni, nikacheka.

Kesho yake, saa saba mchana, niliitoa ile mbao nje nikwangue. Wingu zito lilikuwa limesimama upande wa Kongo, lakini kwetu jua lilikuwa linachoma na ufuko ulikuwa mtupu. Nikasikia nyuma yangu, "Butoyi."

Nikaitika, "Ego." Sikuitika abee, sikuitika naam. Niliitika Kiha, kama tulivyomwitikia mama, na neno lile lilikuwa halijanitoka kinywani miaka na miaka. Ndipo nikageuka.

Alikuwa mwanamke mzee. Siku zote nilidhani Bukuru akija atakuja mtoto, kama alivyoondoka. Kumbe huko nako wanazeeka? Mvi zangu, mgongo wangu, pengo langu. Kidoti shavu la kulia. Upindo wa nguo yake ulikuwa unachuruzika maji, na mkononi ameshika kibuyu kidogo, cha mtoto wa miaka saba.

"Nimechelewa," akasema. "Ziwa lilikuwa mbali."

Sikupiga kelele, niaminini. Nilimwambia, "Kaa, dada." Akakaa mbele yangu mchangani, akaweka kibuyu katikati yetu, akaitazama ile mbao.

"Ni mimi huyu."

"Ni wewe."

"Mbona umeniweka peke yangu? Mama hakutuweka mmoja mmoja." Akagusa ile nafasi nyeupe kwa kidole chenye maji. "Kaa hapa."

Mtanilaumu kwa lipi? Nilifurahi. Huo ndio ubaya wenyewe, kwamba sikuwa na hofu hata kidogo. Nilichovya brashi. Kioo sikukihitaji, kioo changu kilikuwa kimekaa mbele yangu kinanitazama. Nikaanza na jicho la kushoto, lile la upande wa kidoti changu. Nikachora ukope, nikachora mboni. Na kadiri nilivyochora nilihisi baridi miguuni, kisha kwenye goti, kisha kiunoni, kama mtu anayeingia ziwani polepole, na mimi nimekaa mchanga mkavu. Upande wa kushoto wa dunia ulikuwa unafifia. Nikasema moyoni, ni wingu. Nikainua brashi nianze jicho la pili.

"Bibi Butoyi! Mvua hiyo! Njoo tuanue dagaa!"

Alikuwa Mama Zaituni, ametoka kwake mbio. Nikageuza kichwa, nikaitika, "Nakuja!" Nilipogeuka tena hapakuwa na mtu. Kibuyu kilikuwepo, kimejaa maji mpaka mdomoni. Na nyayo zilikuwepo zikitokea majini, nyayo ndogo, za mtoto.

Mama Zaituni alifika anahema. "Kibuyu cha nani hiki? Zama hizi nani anachotea kibuyu?" Kisha akanitazama, akapunguza sauti. "Bibi, nilipokuwa natoka nilikuona umekaa huku, halafu nikakuona umekaa na huku. Nikasema jua limenipanda kichwani."

Hapo ndipo nilipolia. Na wakati napangusa machozi ndipo nilipojua jicho la kushoto halioni. Dagaa aliwaanua peke yake.

Hospitali walinimulika, wakanipima kwa herufi na kwa picha. Daktari, kijana mpole, akasema, "Bibi, jicho lako ni zima. Sioni ugonjwa." Nikamwambia hata mimi sioni. Akadhani natania.

Chiza alikuja kutoka Kidahwe. Nilimwonyesha ile mbao, Bukuru mzima na pembeni yake jicho moja peke yake katika weupe. Chiza hakumjua Bukuru, alizaliwa baada ya lile wimbi. Alitazama, akavua kofia.

"Dada, kichome hiki kitu."

"Nichome uso wa Bukuru?"

"Utakumaliza."

"Wewe una sura yake nyingine unipe? Mama alikuachia?"

Akainuka akatoka nje. Kibuyu alikimwaga yeye, akakitupa ziwani kwa nguvu zake zote. Asubuhi kilikuwa mlangoni, kimejaa. Tangu hapo simwagi. Nanawia uso.

Mbao nimeigeuza ielekee ukuta. Bado nachora, kwa jicho moja vyungu vinatoka vimelala na boti linakuwa karibu kuliko lilivyo, lakini nachora. Saa saba mchana nakaa ndani, nafunga dirisha la nyuma. Ananiita, si kila siku. "Butoyi, malizia." Hana hasira. Anasema kama mtu aliyeshikilia mlango anakungoja upite. Najiuma ulimi nisiitike.

Basi wewe unayesoma, shika haya. Ukijitazama kwenye kioo usikimbilie kuchora. Jua kwanza unayemwona ni wewe. Na kama ulizaliwa wawili mkabaki mmoja, usijichore kabisa, hata kwa mkaa ukutani. Ukiitwa mchana wa jua kali na sauti inayofanana na yako, geuka kwanza ndipo uitike. Mimi niliitika kwanza.

Rangi nyeusi imebaki kidogo kwenye kopo, ya kutosha jicho moja na kidoti. Kasongo ananiuliza kila mara kama aniongezee, namwambia inatosha. Kuna siku nitachoka kujiuma ulimi, hilo nalijua. Mkija mkakuta mbao imegeuzwa, nyuso ziko mbili, vidoti viwili vinatazamana, na nyumba ni tupu, msikusanye watu. Semeni Butoyi ameenda kuchota maji. Na tafadhali, msilie.